Mwiko wa Bwana Harusi

Niliposwa nikiwa bado nacheza na watoto wenzangu, na aliyeniposa hakuwa na meno ya mbele. Alikuwa nduna, yaani mkuu wetu huku Mshangano, mwenye wake wanne na kikohozi. Baba alishapokea ng'ombe. Nikalia mpaka macho yakavimba. Baba akasema mwanamke hulia, kisha huzoea.

Bibi, mama yake baba, alitekwa vitani akiwa msichana, akaletwa Ungoni amefungwa kamba. Habari za kuzoea hakutaka kuzisikia.

Siku zile ikaja dawa ya kugeuza risasi za Wadachi, wale Wajerumani wa bomani, kuwa maji. Wanaume wakakusanyika kunywa. Nduna alijikokota nyuma ya wote, na sababu tuliijua. Mganga alitangaza kwamba atakayekunywa asiguse mwanamke mpaka Wadachi waondoke, na mzee alitaka harusi kwanza, vita baadaye.

Bibi akapiga kigelegele. "Jamani, shujaa wetu mbona yuko nyuma? Mpisheni baba yetu!"

Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga mwanamume, akachukua kibuyu cha dawa, akampigia nduna magoti, akamnyooshea kwa mikono miwili, macho chini. Mwanamke akikupigia magoti mbele ya watu, utakataaje? Mzee akanywa huku ananitazama. Mama hakuinuka mpaka kibuyu kilipokauka.

Baba akanong'ona, "Na ng'ombe je?"

"Wabaki," akasema bibi. "Mkwe hajakataa. Anasubiri."

Vita vikaja, na risasi zikabaki risasi. Tulizika wengi, wengine hata kuwazika hatukuwapata. Moyo wangu unauma hadi leo nikiwakumbuka. Nduna alirudi mzima, nadhani kwa sababu huko nako alikaa nyuma. Alijificha porini, na mambo yalipotulia kidogo akaja kwetu kudai mke. Dawa imeshindwa, akasema, kwa hiyo mwiko umekwisha. Baba akaitikia kwa kichwa.

Bibi alikuwa anapepeta ulezi. Wala hakuacha.

"Kwani Wadachi wameondoka?"

Kule bomani tarumbeta yao ikalia, na upepo ukatuletea sauti yake hadi uani. Baba akainamisha kichwa, mzee akatema mate. Kijiji kizima kiliichukia tarumbeta ile. Mimi peke yangu niliifurahia.