Nilivyowavusha Wakwe wa Muhoroni Nikitazama Nyuma

Wacha niwaeleze mimi mwenyewe, kwa sababu jirani yangu Syprosa akieleza anaongeza chumvi, na aibu ya siku ile ilikuwa imekolea tayari.

Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Muhoroni kumposa kitinda mimba wangu, Achieng. Wangeweza kufika kwetu, hapa ufuoni mwa ziwa, kwa gari kupitia Otonglo na Kisian kama watu wengine, lakini nikataka waletwe na boti yangu, hao watu wa miwa waone na sisi tuna kitu. Boti ilikuwa imelala Kisumu. Ina injini nyuma, na katikati ina usukani uliotolewa kwa pikapu ya marehemu mume wangu (pikapu ilikufa kabla yake), unaovuta injini kwa kamba. Asubuhi nikaona kamba imelika. Nikampigia fundi Ochieng, akasema, "Mama, usiiguse, nikitoka matangani nitakuja." Sasa mimi mzima huyu nimngoje mtu wa matanga? Nikanunua mpya, nikaizungushia kwenye usukani kutokea juu. Ile ya zamani ilikuwa inatokea chini, lakini kamba si ni kamba, nikakaza fundo mpaka meno yakaniuma.

Kwetu sisi Wajaluo, mama na mume wa binti yake hawakaribiani. Hamkai pamoja, hamtazamani usoni, na kugusana ndiyo usiseme, posa yenyewe inaweza kurudi ilikotoka. Kwa hiyo kijana, Fredrick, nikamweka mbele kabisa ya boti, mimi nyuma kwa injini na leso kichwani, katikati baba yake Mzee Opiyo na shangazi yake Rosalia. (Nilipaswa niwe nyumbani, lakini kulikuwa na kreti za soda, na Odhiambo, dereva wangu, sikumwamini na soda.)

Odhiambo akakata kulia, boti ikaenda kushoto. Akakata kushoto, ikaenda kulia. Mikono yake imezoea miaka yote, sasa akawa kama mtu anayevutana na fahali. Tukazunguka mbele ya wachuuzi wote wa samaki, tukazunguka tena, mpaka mmoja akaita, "Dani, bibi yetu, mmepoteza nini hapo, tuwasaidie kutafuta?" Katika kuzunguka tukaingia kwenye magugu, yakajisokota kwa propela, injini ikaanza kukohoa.

"Mama," Odhiambo akasema, "nani alifunga hii kamba?"

"Endesha."

"Siwezi kuendesha na nishike injini. Chagua."

Kurudi nchi kavu nilikataa, wakwe wangejua kuna shida. Nikashika usukani mimi, nayo ikanikataa vilevile, mpaka nilipogeuka nyuma kumtazama Mzee Opiyo kama ameanza kushuku, mikono bado iko kwa usukani, na boti ikatii. Kumbe ukiupa upande wa mbele mgongo, usukani ule unakuwa sawa. Na Fredrick sasa yuko nyuma ya mgongo wangu, simwoni, kwa hiyo heshima iko. Nikajiona nina akili.

Shida ni kwamba kila kitu nilikiona kikiwa kimeshapita. Anayeona mbele ni Fredrick peke yake, na ni kijana aliyelelewa vizuri, hawezi kunisemesha moja kwa moja.

"Shangazi, mwambie Mama kuna mawe kulia."

"Mama Achieng, mtoto anasema kuna mawe kulia."

"Kulia kwangu au kwake?"

"Fredrick, Mama anauliza kulia kwa nani."

"Shangazi, mwambie tumeshayapita."

Hivyo hivyo tukapita juu ya nyavu za Okumu, mtoto wa Peres, nikamsalimia tayari anatutukana. Baadaye nikasikia kwaya ya kanisa letu, iliyokuja ufuoni kuwapokea wageni, inaimba, nikafurahi, nikidhani bado ni mbali.

"Shangazi, mwambie Mama tupunguze."

"Mama Achieng, mpunguze."

"Odhiambo, punguza."

"Nini?" akasema Odhiambo, kichwa kiko kwa injini.

Hapo Fredrick akasahau malezi. "Mama, ufuo ndio huu."

Boti ikapanda mchanga, ikapita katikati ya omena za Penina, dagaa zilizoanikwa, ikasimama. Sisi hatukusimama. Mimi niliyekuwa nimeipa mbele mgongo nilikwenda kinyumenyume, leso huko, kiatu huko, nikaangukia mapajani mwa Fredrick, akanidaka na kunishika kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Kwaya yote ikaona: Dorsila, Consolata, Philgona, Mama Awuor, nawataja kwa sababu baadaye wote walicheka. Achieng hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

Wazee wakakaa kando. Mmoja wa shemeji zangu akasema hapo hakuna posa tena, mwiko umevunjwa mchana kweupe. Rosalia akamuuliza, "Kwani Mama alimkimbilia kijana? Si boti ilimrusha?"

Mzee Opiyo akatoa omena sikioni, akafikiri. "Basi aliyekosa ni boti. Boti itoe mbuzi wa kusafisha jambo hili."

"Boti haina mbuzi," akasema shemeji.

"Mwenyewe anaye."

Achieng akaolewa. Mimi nikaapa, usukani ukiharibika nitangoja fundi hata kama anazika kijiji kizima, na wakwe wakija watanikuta jikoni, mlango umefungwa. Mbuzi nilimtoa siku ileile, dume jeusi, nikamfunga kamba kwa mkono wangu, na Mzee Opiyo kabla hajampokea akainama, akaangalia kwanza nimeizungusha upande gani.