Gego Nililolinyamazia Mwezi wa Ramadhani

Asalaam alaykum, mama zangu na wadogo zangu. Mnaniona nimekaa hapa naongea. Nusura msinione tena.

Nilikuwa mtu wa kutafuna. Miwa, mahindi ya kuchoma, hata mifupa sikumwachia paka. Nikishusha ndizi zangu kutoka mlimani hadi sokoni Bigwa, njia nzima mdomo hautulii. Kama si kula, basi ni kusema. Kisha gego la chini likatoboka. Nikalishindilia karafuu, likanyamaza, nikasema yamekwisha. Mtu wa umri wangu ahangaike na meno? Yatang'oka yenyewe.

Ramadhani ikaingia na maumivu yakarudi. Binti yangu Mwajuma akasema, "Mama, twende hospitali."

Nikamjibu, "Waning'oe mchana, nimeze damu, swaumu yangu ibatilike? Tusubiri Idi."

Vidonge vya maumivu nilimeza usiku tu. Shavu likavimba, uvimbe ukashuka chini ya kidevu, ukawa mgumu kama kiazi kibichi. Mdomo ukanuka hata mimi mwenyewe nikajichukia. Jioni moja adhana ikalia, nikainua kikombe cha uji nifuturu, uji haukupita. Ulimi ulikuwa umenyanyuka, mate yananichuruzika, nikilala pumzi inakata. Niliogopa kufa, nasema kweli.

Mdogo wangu Shabani ndiye mjomba wa wanangu, na kwetu Waluguru neno la mjomba halipingwi. Hakunibembeleza. "Dada, mgonjwa kapewa ruhusa na Mungu mwenyewe. Wewe nani unaikataa?" Majirani wakanibeba kwa machela mpaka barabarani, gari likanifikisha hospitali.

"Bibi, usaha umefika shingoni," daktari aliniambia. "Ungesubiri Idi, ungezikwa kabla ya Idi."

Wakanipasua chini ya kidevu, usaha ukatoka, gego wakaling'oa. Nililia. Kesho yake nikanywa maji mchana kweupe, nikamshukuru Mungu kwa kila funda.

Nimepona, alhamdulillahi. Siku nilizokula nimezilipa zote, kidogo kidogo. Shabani, Mwajuma, daktari, Mungu awalipe. Kovu hili hapa, msione haya kulitazama.

Wazee wenzangu, jino likianza kuuma nendeni, msisubiri litoke lenyewe. Na wewe Bi Zena uliyekaa pale nyuma, uliyefunika shavu moja kwa ushungi tangu nilipoanza kusema, nimekuona. Vaa ndala zako, tushuke wote hospitali sasa hivi. Magharibi bado mbali.