Bi Maswali na Mwana Aliyejua Majibu

Katika hospitali ile ya magonjwa ya akili, jengo la utafiti lilikuwa nyuma kabisa, ukishapita jiko na kamba za kuanikia mashuka. Humo alifanya kazi mama mmoja; wagonjwa ndio waliomwita Bi Maswali, jina likamganda kama ulimbo, hata daktari mkuu wa utafiti akalizoea.

Kazi yake ilikuwa kuuliza. Dawa mpya ya skizofrenia, maradhi ya kusikia na kuamini yasiyokuwapo, ilikuwa inajaribiwa. Baadhi ya wagonjwa walipewa hiyo, wengine ile ya zamani, na si yeye wala wao waliojua nani anameza ipi. Kila mgonjwa aliyeketi mbele yake aliulizwa maswali yale yale ya mwezi uliopita, kwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Unasikia sauti wakati hakuna mtu? Kuna anayekufuatilia? Kuna anayekutakia mabaya? Kisha anatoa alama. Moja maana yake dalili haipo. Saba maana yake mtu amezama.

Kulikuwa na sehemu ya methali pia, kwa sababu ugonjwa ule unaweza kumnyang'anya mtu maana ya ndani ukamwachia maneno matupu.

"Mtaka cha mvunguni?" alimwuliza siku moja mzee aliyewahi kuwa mpaka rangi.

"Sharti ainame."

"Maana yake nini, mzee wangu?"

"Hiyo kwangu haina maana, Bi Maswali. Mimi nalala mkekani, huo mvungu niutoe wapi?"

Alikificha kicheko kwa kikohozi, kwa kuwa kanuni zilimkataza kucheka, kisha akabaki na kalamu hewani. Huo ulikuwa ugonjwa au umaskini? Wenye kutunga vipimo hawakuacha nafasi ya umaskini. Hawaiachi popote.

Mtaani watu wakipita lango la hospitali ile huongeza hatua, wakifika nyumbani huigiza vichaa ili watoto wacheke. Nao wacheke. Maradhi haya hayabishi hodi, na anayecheka leo hajui ni chumba gani cha nyumba yake kimeshaingiliwa.

Kwa Bi Maswali yaliingia kupitia meza ya chakula.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, aliyemlea peke yake tangu mumewe alipofariki. Tangu utotoni alifungua kila kilichokuwa na skrubu, wakamwita Fundi, na sasa alikuwa fundi kweli, anatengeneza simu kwenye duka la mtu. Kijana mcheshi, mwepesi wa kuigiza watu. Jioni moja mama alipakua, akaweka sahani mbili. Fundi akazisogeza taratibu, ya mama ikaja kwake, yake ikaenda kwa mama.

"Hiyo ina nyama nyingi, Mama. Kula wewe."

Mama akafurahi. Nani asiyefurahi kupendwa? Lakini kesho yake sahani zilibadilishana tena, na keshokutwa pia, hata siku ya maharage matupu. Kisha Fundi akaacha kunywa maji ya jagi mpaka aone mama amekunywa kwanza, huku akimtazama koo likipanda na kushuka. Kisha kioo cha sebuleni kikafunikwa gazeti. Kisha mwenye duka akapiga simu.

"Shikamoo, mama. Njoo umchukue kijana wako. Ametoa betri za simu zote za wateja, amezipanga chini, anasema simu zipumzike kusikiliza watu. Mimi nilidhani ni utani wake, nikacheka. Yeye hakucheka."

Siku hiyo hiyo Bi Maswali alipokuwa njiani alimpigia mwanawe.

"Nani?" Fundi aliuliza.

"Mimi mama yako."

Akasema polepole, kama mtu anayesifu kazi nzuri: "Sauti umeipata sawasawa kabisa."

Alisimama katikati ya watu na simu sikioni. Angekuwa mgonjwa wake, mkono ungeshaandika. Lakini huyu ni Fundi, kijana wa mizaha, na macho ya mama hutafuta njia ya pembeni. Akajiambia ni mzaha.

Usiku ule ule mzaha ulimshinda kumeza. Asubuhi akamkalisha mezani, akavaa sauti yake ya kazini.

"Unasikia sauti wakati hakuna mtu?"

"Hapana," alisema Fundi, akitabasamu. "Huwa nasikia majirani tu, na hao wapo kweli."

"Kuna anayekutakia mabaya?"

"Watu wana shughuli zao, Mama. Hawana muda na mimi. Hapo nipe moja."

Bi Maswali hakuuliza la tatu. Majibu yale aliyajua. Alikuwa ameyatunga mwenyewe.

Alipoanza kazi ile, ilimlazimu kujifunza kuuliza bila kupotoka hata neno, ndipo alama za mgonjwa mmoja ziweze kulinganishwa na za mwingine. Nyumbani hakukuwa na wa kumfanyia mazoezi ila Fundi, wakati huo bado yuko shule. Wakafanya kama mchezo. Leo uwe mgonjwa, kesho uwe mzima. Mama akamfundisha jinsi mzima anavyojibu: asikane haraka mno, aweke mzaha kidogo, amtazame muulizaji usoni. Wakacheka mpaka machozi. Fundi aliweza mzima kuliko mgonjwa. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini yeye alikuwa amempakulia mwanawe peke yake. Mlango pekee aliojua wa kuingilia kwenye akili ya mtu, alimpa mwanawe ufunguo wake, naye sasa alikuwa ndani amejifungia.

Akamwambia, "Baba, nisindikize kazini leo." Alitegemea ubishi. Fundi akavaa viatu upesi.

"Nilikuwa nataka sana nipaone," alisema.

Daktari alikuwa mtu mwema, asiyepandisha sauti, anayeamini vipimo kama wengine wanavyoamini jua litachomoza. Akamchukua Fundi ofisini. Bi Maswali akangoja nje, akisikia vicheko viwili kupitia ukuta, cha daktari na cha mwanawe. Daktari alitoka akiwa bado anatabasamu.

"Bi Maswali, kijana wako ni mzima kuliko mimi. Moja, moja, moja. Pengine ni wewe umechoka. Unawaona wagonjwa kutwa kucha, ukirudi nyumbani unawaona hata ukutani."

"Ulimpa methali?"

"Nilimpa. Alijibu vizuri sana."

"Ile ya mvunguni, alikwambia hivi: 'Daktari, maana yake kitu kizuri hakikufuati kitandani, lazima ushuke ujisumbue, na mgongo ukiuma usilaumu mvungu.'"

Tabasamu la daktari likafifia. "Umejuaje?"

"Nilimfundisha mimi. Na yale mengine yote. Hukumpima mwanangu, Daktari. Umenipima mimi."

Daktari alivua miwani, akaivaa tena. "Hili ulipaswa kunieleza mapema. Sasa nifanyeje? Hajamdhuru mtu, hataki matibabu, anajibu kila kitu. Siwezi kumlaza mtu kwa sababu anabadilisha sahani."

"Unataka ungoje mpaka adhuru?"

Sheria zimewekwa ili mzima asifungiwe kwa fitina za ndugu, na ni sheria njema, wala sitazibeza. Lakini kuna watu wanaoangamia katikati ya sheria njema, wakitabasamu, huku kila mtu akiwapa moja.

Bi Maswali aliingia ofisini bila kuomba ruhusa. Fundi alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama mwanafunzi anayesubiri kupongezwa.

"Fundi, miaka yote mimi ndiye nakuuliza. Leo badili. Kaa kiti cha Daktari, uniulize wewe."

Kijana alimtazama daktari aliyesimama mlangoni. "Maswali yoyote?"

"Yoyote," alisema daktari.

Fundi akazunguka meza, akaketi, akakivuta kiti mbele; mama akakaa pale alipotoka yeye. Tabasamu lilimtoka usoni kama nguo iliyovuliwa. Mama hakuwahi kuuona uso uliokuwa chini yake.

"Unasikia sauti wakati hakuna mtu?" alianza.

"Hapana."

"Nani anakutuma?"

Swali hilo halikuwamo katika maswali. "Hakuna anayenituma."

"Unachotia kwenye maji ni cha unga au cha majimaji?"

"Sitii kitu, baba."

"Usiniite baba." Sauti yake ilikuwa tulivu, ya adabu, sauti ya kazini. "Hilo kovu la mkononi. Mama alikuwa nalo, aliungua na mafuta. Wewe walikuchora au walikuunguza?"

Bi Maswali aliuficha mkono chini ya meza kabla hajajua anachofanya, na Fundi akaliona hilo, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Swali la mwisho," alisema, na hapo sauti ikavunjika. "Mama yangu mmemweka wapi?"

Kanuni ya kazi ile ni hii: usikubaliane na mgonjwa, wala usibishane naye. Bi Maswali aliwafundisha hiyo wafanyakazi wote wapya. Kila kiungo cha mwili wake kilitaka kupiga kelele, ni mimi, nitazame, ni mimi. Akajizuia kwa kushika ukingo wa kiti.

"Umemkumbuka sana?" aliuliza.

Fundi akafunika uso kwa viganja. "Kila siku," alisema. "Nakaa na huyu mwanamke, napika naye, nacheka naye ili asinishtukie, na kila siku namkumbuka mama."

Daktari alisogea, akachuchumaa kando ya kiti cha Fundi. Alimweleza kwamba pale kulikuwa na kitanda, na madirisha, na watu watakaomsikiliza bila kumcheka. Hakumtajia ugonjwa.

"Nitakaa," alisema Fundi. "Kwa sharti moja. Huyu asiingie humu. Asijue hata nalala chumba gani."

Daktari alimwinulia Bi Maswali macho, akiomba radhi bila kusema. Wodi zote za jengo lile yeye alizipita kila siku. Manesi wote walikuwa shoga zake.

"Sawa," alisema. "Nitaomba nihamishiwe jengo la mbele."

Alichukua mkoba, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Alikuwa bado ameshika kitasa aliposikia kiti kikisogezwa, kisha sauti ya mwanawe, ya chini, ya haraka, isiyo na mzaha wala jibu lililotungwa, ikimwambia mtu mwingine kila kitu.