Mazoezi Saa ya Kuchuma

Nilizaliwa katikati ya majani chai, karo yangu ya sekondari ikalipwa na majani chai, halafu mimi huyohuyo nikatangazia watu wa kwetu, pande za Roret, kwamba mazoezi yataanza saa moja asubuhi. Saa moja! Saa ambayo hata mwenye homa yuko shambani anachuma. Siku ya kwanza walikuja kuku wangu peke yao, na hao pia walitoka kabla hatujapasha mwili joto.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikifundisha watu mazoezi katika jimu ya kupanga mjini Kericho. Jengo likauzwa, aliyelinunua akataka kuweka duka la mitungi ya gesi, nami nikapakia vyuma kwenye pikapu nikarudi nyumbani. Kulikuwa na jimu nyingine mjini iliyonitaka, lakini ningelala huko wiki nzima. Na mimi ni mtu wa nyumbani. Nikilala kitanda cha wenyewe, naamka kama niliyepigwa. Basi tukakubaliana na mke wangu: nijaribu hapa hapa mpaka shule zifungwe. Wateja wakikosa, nitaenda mjini.

Hapo presha ikanikalia. Mimi niliyezoea kuwaambia wateja, "Pumua polepole, mawazo hayajengi misuli," sasa nilikuwa naamka kabla ya jogoo, nafuta vyuma ambavyo havijashikwa na mtu, kisha nasimama getini na fulana ya kubana, nikisalimia wapita njia kwa sauti ya muuza mitumba. Chakula hakipiti. Usingizi hakuna. Mke wangu alivumilia, kisha akanitupia kikapu.

"Baba watoto, nenda uchume. Hiyo geti haitoroki."

Nilichuma kwa hasira, matawi na yote. Kule kituoni, tunakopimia majani, karani alichungulia kikapu changu akauliza, "Kochi, hii umechuma ama umefyeka?"

Akina mama wakacheka mpaka wakashikana. Nikaambiwa nichambue upya, nikainama hapo hadi mgongo ukakaza. Lori la kiwanda lilikuwa limechelewa, kama kawaida yake. Kwa vile sikuwa na pa kwenda, nilishika nguzo ya kibanda, nikarudisha makalio nyuma, nikanyoosha mgongo na kuvuta pumzi, vile nilivyokuwa nikiwafundisha wengine.

Mama wa boma jirani, ambaye siku hizo alikuwa akitembea kama aliyeangusha sindano, akanisogelea. "Hiyo inasaidia mgongo ama ni madoido tu?"

"Jaribu, mama."

Akashika nguzo. Mgongo ukalia ko! "Uui!" akasema. "Ngoja. Rudia tena, polepole."

Lori lilipofika, ukuta mzima wa kibanda ulikuwa umeshikwa na akina mama wenye gambuti miguuni, makalio nje, na karani naye yuko pembeni anajaribu akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimesahau wasiwasi wangu kwa muda mrefu, na kwamba nilikuwa na njaa.

Nikahamisha mazoezi hadi jioni, majani yakishapimwa. Wanakuja na sketi zao za shamba, wananitania fulana yangu, wengine wanalipa kwa maziwa. Mvua ikinyesha sana tunabaki wawili watatu, na presha hunibishia hodi tena. Siku hizi sibishani nayo. Nachukua kikapu naenda shambani, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka kifua kifunguke. Kuchuma kwangu bado si kwa kujivunia, ila karani amepunguza matusi.

Shule zilipofungwa, niliipigia simu ile jimu ya mjini nikawaambia asante, watafute mwingine. Nikatoka nje nikiwa mwepesi, nikamkuta mume wa yule mama wa mgongo ameegemea ua wetu. Nikampa habari njema kwamba siendi popote. Hakunipa hata mkono.

"Kochi, mimi nilikuwa nakuombea upate hiyo kazi ya mjini. Zamani bibi yangu alikuwa na mgongo, hangeweza kunifuata hadi kilabu cha pombe kule sentaa. Sasa anafika huko kabla sijakalia kiti."