Hoja ya Baba Yafika Acocks Green

Nilikwenda Birmingham kwa sababu Baba alikuwa hapokei simu za rafiki yake. Katika bunge la jimbo letu, lile lililokaa miezi michache kabla ya Kenya kupata Uhuru, Baba alitoa hoja kwamba wajumbe waruhusiwe kuzungumza Kiswahili kikaoni. Rafiki yake Zakayo alikuwa ameahidi kuiunga mkono. Siku yenyewe akabaki kitini, wala hakusimama mwingine. Hoja ikaanguka, na urafiki ukaanguka nayo. Sasa wote ni wazee. Zakayo anaishi huko Birmingham, Uingereza, kwa binti yake muuguzi, na Baba macho yamefifia, hawezi kusafiri. Shule zilipofungwa niliamua kwamba hawatakufa bila kusemezana.

Baba aliniambia niende, ila nisimpelekee mtu radhi. Nilimjibu kwamba sanduku langu lilikuwa limeshajaa.

Kutoka Voi hadi Nairobi nililala. Kutoka Nairobi hadi Dubai nilikula. Kutoka Dubai hadi Birmingham nilipanga maneno, na mimi mwalimu mkuu maneno hayanipigi chenga.

Asubuhi yenye manyunyu nilipanda treni katikati ya mji nikashuka Acocks Green, mtaa wanaokaa. Mzee Zakayo alinifungulia mlango akiwa na koti na tai. Nilimsalimu mjukuu wake, "Hujambo?" Akanijibu, "I'm fine, thanks." Mzee akatazama zulia.

Tulipokuwa tukinywa chai akasema, "Siku ile niliogopa kuchekwa, binti yangu. Niliona Kiingereza ndicho cha watu wakubwa. Leo namsimulia mjukuu wangu mambo ya kwetu, ananijibu kama mgeni. Mwambie baba yako alikuwa sahihi."

Nikamwambia amwambie mwenyewe. Nilikwangua kadi ya simu, nikampigia Baba, nikaongeza sauti, nikamkabidhi Mzee simu.

Mzee akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akainama kidogo kuelekea televisheni, kana kwamba hapo ndipo kilipo kiti cha Spika.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "nasimama kuiunga mkono hoja."

Niliogopa Baba atakata simu, na maneno yangu yote yalinipotea. Kisha sauti ya Baba ikasikika, kavu kabisa: "Spika alishafariki, Zakayo. Zungumza na mimi."

Walizungumza mpaka kadi ikaisha, na jioni wakaanza tena. Mimi niliyejiandaa kusuluhisha nilijifunza kwamba wazee hawa walitaka mtu wa kuwafungulia kikao tu, kisha akae kimya.

Baada ya wiki nilirudi Voi na hadithi tele. Nikamkuta Baba anazijua habari za Birmingham kunishinda mimi niliyetoka huko.