Utingo wa Lori Lisilobeba Mzigo

Jumapili, tarehe 27 Julai. Mvua nyembamba inanyesha tangu alfajiri juu ya kijiji cha Wola Kamienna, na ukungu umeshuka hadi kwenye paa la kanisa.

Saa tatu asubuhi Bogumił Skowera anaingiza lori lake kwenye uwanja wa parokia kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Ni lori la kijani aina ya Jelcz, la mwaka 1986, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, na nyuma ni tupu. Analizima. Anashuka upande wa kushoto, anachukua kabari mbili za mwaloni zilizopakwa rangi ya njano, analizunguka lori na kuzisukuma chini ya tairi, moja mbele na moja nyuma.

Anazipiga teke. Anaondoka hatua tatu, anarudi, anazipiga teke tena.

“Zimeingia, kaka!” anasema Ludomir Pacyna, aliyeegesha lori lake jirani. “Leo dereva ni wewe, utingo ni wewe. Umekuwa kama paroko wetu: kengele anapiga yeye, wimbo anaimba yeye, sadaka anakusanya yeye.”

Bogumił hupenda utani huu. Leo anajifuta mvua usoni na kutazama lango.

Anamsubiri Longina Matyja. Nusu ya lori hili ni mali ya Longina, na leo, Jumapili ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa madereva, mbele ya magari yanayongoja maji ya baraka, atasema kama libaki au likatwe. Mnunuzi wa chuma chakavu amekwisha kuambiwa aje kesho. Bogumił ameahidi kwamba lolote atakaloamua mama huyo, hatabisha.

Mwezi Machi lori hili lilimuua mume wa Longina.

Bogumił ana umri wa miaka 56. Tangu ujana anafanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao, mahali alipokutana na Zenon Matyja, mume wa Longina. Hadi Machi mshahara wake ulikuwa zloti 4,900 kwa mwezi. Miaka tisa iliyopita yeye na Zenon walichanga nusu kwa nusu wakanunua lori ambalo jeshi la zimamoto la mji wa jirani lilikuwa limelitupa nyuma ya karakana, kuku wakitagia ndani ya kabini.

“Kila mtu aliuliza litabeba nini,” anasema Bogumił. “Halibebi kitu. Huo ndio ulikuwa utamu wake. Kiwandani tunabeba vya watu wiki nzima. Jumamosi tulitaka kitu kikubwa kisichotudai kubeba chochote.”

Mkewe, Irmina, hakuuona utamu huo. “Nilikuwa na mke mwenza wa chuma,” anasema. “Mimi nikiugua naambiwa kunywa chai ya limau. Yeye akikohoa, wanaume wawili wanalala chini ya tumbo lake hadi chakula cha jioni kinapoa.”

Walilitoa mara nne au tano kwa mwaka: kwenye mkutano wa malori ya kale, kwenye harusi ya mtu wanayempenda, na kila Julai kanisani hapa. Dizeli ya safari moja ilimaliza akiba ya mwezi, hivyo njiani walikula mkate na soseji za nyumbani, wakigombania usukani kama watoto.

Kwa sababu ya ugomvi huo waliweka sheria. Anayeendesha hushuka kushoto, ulipo usukani. Anayeshuka kulia ndiye utingo, na utingo ndiye anayeweka kabari. Zenon alizichonga mwenyewe kutoka gogo la mwaloni, na kwa miaka tisa sheria haikukosea hata mara moja.

“Hatukuulizana kamwe,” anasema Bogumił. “Ukishuka kulia, mkono wako wenyewe unakwenda chini ya kiti kuzichukua.”

Siku ile ya Machi hakuna aliyeshuka kulia. Lori lilikuwa limesimama majira yote ya baridi kwenye ua wa Bogumił, na wawili hao walitoka jikoni kwa miguu, vikombe vya chai mkononi.

Breki za lori la namna hii hufunguliwa kwa upepo. Upepo ukiisha, springi zinakaba magurudumu na lori halisogei. Baridi ilikuwa imetoboa bomba, upepo wote umetoka, nao walitaka kulivuta kwa trekta hadi kwenye banda. Njia ipo: mtu anaingia chini na spana, anarudisha springi moja baada ya nyingine hadi magurudumu yawe huru. Zenon, aliyekuwa mwembamba, aliingia. Bogumił alibaki mbele akishughulika na mkanda wa injini.

“Alikuwa akiniimbia kutoka chini,” anasema. “Alisema, ‘Hii ya mwisho ni ngumu kama moyo wa mama mkwe wangu.’ Nikacheka. Ndipo ikafunguka.”

Ua ule una mteremko mdogo ambao hata maji huona uvivu kuufuata. Lori liliuona. Lilisogea mita mbili, likagota kwenye ukuta wa ghala, Zenon akiwa bado chini yake.

Mwendesha mashtaka aliandika kwamba ilikuwa ajali, akafunga jalada. Longina hakulifunga lake. Kwa miaka yote alikuwa akimwita Bogumił “shemeji”. Tangu mazishi anamwita “Bwana Skowera”.

Bogumił hakulala tena vizuri. Kiwandani walimhamisha kutoka kwenye msumeno, na mshahara ukapungua kwa zloti 700. Ludomir ndiye aliyeziba bomba. Jana jioni Bogumił aliliwasha lori kwa mara ya kwanza tangu ajali. Irmina alikataa kupanda, akaja kwa miguu. Kiti cha kulia kimekuja kanisani kitupu.

Misa inakwisha. Padre Cyprian anatoka na ndoo ya maji ya baraka, na nyuma yake mama mmoja anabeba kikapu. Desturi hapa ni kwamba kila dereva hutoa senti moja kwa kila kilomita ambayo Mungu amemvusha salama tangu Julai iliyopita. Fedha hizo hununua magari ya wamisionari. Sarafu zinalia kikapuni, watoto wanapiga honi, padre anacheka.

Kwenye Jelcz la kijani kicheko kinapungua.

“Kilomita ngapi, mwanangu?” anauliza padre, kama anavyomuuliza kila mtu.

“Mwaka huu sina kilomita, Baba. Nina mita mbili.”

Padre anarudisha brashi yake ndooni bila kunyunyiza.

Longina anapita katikati ya watu akiwa chini ya mwavuli mweusi. Ni mshonaji, mwanamke mfupi, na gauni lake la msiba amelishona mwenyewe. Analitazama lori, kisha anazitazama kabari.

“Bwana Skowera. Huyo wa chuma chakavu anakuja saa ngapi kesho?”

“Saa mbili asubuhi.”

“Mpigie simu. Mwambie asije.”

Irmina anashika mdomo. Ludomir anavua kofia. “Mungu akubariki, dada Longina, umefanya jambo la—”

“Nyamaza wewe. Usinishukuru kwa kitu usichokijua.” Anamgeukia Bogumił. “Ukilikata, litakwisha. Utalia wiki moja, halafu utapumua. Mimi sina cha kukata. Kwa nini upumue kabla yangu?”

Bogumił anageuka kulitazama lori.

“Lilikuwa mchezo wenu. Sasa ni kazi yako. Utalitunza, na kila mkutano wa malori utalipeleka. Kabla mtu yeyote hajawasha injini, utasimama mbele yao useme kabari zilikuwa wapi. Usiwaambie habari za ajali. Ajali kila mtu anaijua. Useme kabari zilikuwa wapi.”

“Longina, unanijua. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu.”

“Na Zenon hakuwa mtu wa kulala chini ya ukuta. Sema. Padre anasikia, mkeo anasikia, wote hawa wanasikia.”

Mtu fulani mwishoni mwa mstari anazima injini, kisha mwingine, mpaka inabaki mvua peke yake juu ya vyuma. Bogumił anavua kofia. Anaweka kiganja juu ya tairi, kama mtu anayemshika ng’ombe asiondoke.

“Mbele ya Mungu na mbele yenu,” anasema kwa sauti ya chini mno. Longina anangoja. Anaanza upya.

“Mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi. Kila mwaka, maadamu naweza kusimama, nitasema hivi. Kabari zilikuwa ndani ya kabini, chini ya kiti cha kulia. Nilikuwa karibu nazo kuliko yeye. Siku ile hakuna aliyeshuka kulia, na mimi sikuuliza.”