Dirisha la Sita

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi moja wiki chache kabla ya mvua za El Nino, niliondoka Kericho kwa lori la maziwa kwenda karibu na Sotik kuchora nyumba. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimechora majengo ya dunia kwa wino na rangi za maji: minara ya Istanbul, madaraja ya Venisi, mahekalu ya Kyoto. Yote niliyatoa kwenye kalenda kuukuu. Hii ilikuwa nyumba ya kwanza kuichora nikiitazama.

Aliyenituma ni Mama Taprandich, mjane mwenye shamba dogo la chai. Mamake alikuwa yaya katika nyumba ya meneja wa kampuni ya chai, akafia humo Taprandich akiwa na miaka minne. Hakuacha picha hata moja. Nyumba hiyo ingebomolewa Jumatatu, naye alitaka ibaki walau kwenye karatasi. Tulipatana shilingi elfu moja na mia mbili.

Saa mbili na nusu nilimkuta barabarani na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando.

"Kunywa kwanza, fundi. Wewe na hizo karatasi, upepo utabeba nyote."

Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai. Paa jekundu lilionekana peke yake, halina kuta chini yake. Hata ndege hawakulia.

Mimi huhesabu kabla ya kuchora. Niliandika daftarini: mlango mmoja, dohani mbili, madirisha matano, matatu kushoto, mawili kulia.

"Unahesabu ama unataka kuuza hii shamba?" alinitania.

"Nahesabu, Mama. Macho hudanganya."

Nilianza na wino, nikishindana na mvua ya alasiri ambayo huku haikosi. Mara tatu ukungu uliifunika nyumba, na mara tatu niliendelea kwa kumbukumbu. Kisha nikatia rangi.

Saa saba na robo nilimpa picha. Aliitazama, akaweka kidole juu ya upande wa kulia.

"Hii nani alikuambia?"

Nilihesabu. Kwenye karatasi, madirisha sita. Kwenye nyumba, matano.

"Nimekosea, Mama. Majengo ya kalenda huwa sawa pande zote mbili. Mkono umezoea kusawazisha. Nitalikwangua."

"Wacha! Hapo ndio chumba chake. Alipokufa, meneja akaziba dirisha na mawe. Akiwa hai, mimi nilikuwa nasimama hapa nje, yeye ananipungia mkono."

Tulikwenda ukutani. Kweli, saruji ya pale ilikuwa ya rangi nyingine. Hata hivyo, maelezo yangu yalitosha, mpaka nilipoitazama picha tena. Madirisha matano niliyatia buluu nzito, kama nifanyavyo kwa nyumba isiyo na watu. La sita lilikuwa na mwanga wa njano.

Nilifungua kisanduku changu cha rangi. Kidonge cha njano kilikuwa kikavu, na vumbi la safari bado juu yake.

Saa nane mvua ilitukuta barabarani. Mama aliikumbatia picha ndani ya kanga, akanyoosha noti.

"Chukua, fundi. Ni jasho yako."

"Mama, siwezi kuapa kwamba lote ni langu."

Alizirudisha noti ndani ya kanga. Jumatatu nyumba ilibomolewa. Tangu siku ile nahesabu kabla ya kuchora na baada ya kuchora. Malipo niliyoyaacha pamoja na nauli ya kwenda na kurudi: nilipoteza shilingi elfu moja mia mbili na themanini.